Nguzo ya Delhi na Tanuru za Ufipa: Sayansi ni Mali ya Nani?

Katika vipindi vyetu vya elimu ya siasa, tukifika kwenye mada ya maendeleo ya jamii kabla ya ukoloni, tumezoea kuandika ubaoni majina ya madola makuu ya kale: Misri, Uchina, Uajemi, India. Tunaeleza mafanikio ya kila dola, wanafunzi wanaandika, kipindi kinakwisha.

Siku moja tulikuwa tunafundisha mada hiyo Sumbawanga. Tulikuwa tumefika kwenye dola ya Wagupta wa India, wafalme wa Kihindu waliotawala kaskazini ya nchi ile katika karne ya 4 na ya 5. Kijana mmoja akanyoosha mkono akauliza: "Ndugu Mkufunzi, na sisi huku Ufipa wakati wa kale tulikuwa na nini?" Kabla hatujajibu, mwenzake wa nyuma akajibu kwa niaba yetu: "Uchawi!" Darasa zima likaangua kicheko.

Makala hii inahusu kicheko hicho. Mtu anayecheka hivyo hamchukii mtu yeyote. Anarudia tu alichofundishwa: kwamba kuna watu waliozaliwa wawe na sayansi, na kuna wengine waliozaliwa wawe na uchawi. Wakoloni waliipanda kasumba hiyo, lakini wakoloni wameondoka zaidi ya miaka 60 iliyopita na kasumba imebaki ikimwagiliwa maji na sisi wenyewe. Jina lenyewe la Sumbawanga husemwa kuwa maana yake ni "tupa uchawi". Yaani wazee waliotoa jina hilo walimwambia mgeni auache uchawi wake nje ya mji. Sisi wajukuu zao tumeligeuza jina kuwa mzaha wa nchi nzima.

Nguzo ya Delhi na mikono iliyoifua

Tuanze na Wagupta, maana hatuna sababu ya kuyaonea wivu mafanikio ya wenzetu. Ni katika zama hizo, mwaka 499, mtaalamu wa hesabu na nyota aitwaye Aryabhata aliandika kitabu chake akiwa kijana wa miaka 23, akaeleza kuwa dunia hujizungusha yenyewe. Na mjini Delhi hadi leo imesimama nguzo ya chuma ya zama hizo. Urefu wake unapita mita 7, uzito wake unapita tani 6, nayo imekaa kwenye mvua na jua kwa miaka 1,600 hivi bila kuliwa na kutu. Wataalamu wa metali wameichunguza nguzo hiyo wakaona kwamba chuma chake kina fosforasi nyingi, ambayo pamoja na hali ya hewa ya pale imejenga ngozi nyembamba inayozuia kutu.

Sasa tuulize swali ambalo kada hana budi kuliuliza mbele ya kila mnara: nani aliyeufanya? Maandishi yaliyochongwa kwenye nguzo yanamsifu mfalme aitwaye Chandra, ambaye wanahistoria wengi humtambua kuwa Chandragupta wa Pili. Yanataja vita vyake na ushindi wake. Hayamtaji hata mhunzi mmoja. Watu waliochimba mawe ya chuma, waliochoma makaa, waliopuliza moto na kuunganisha vipande vya chuma kwa nyundo mpaka vikawa kitu kimoja cha tani 6, hao hawana jina. Chandra hakufua kitu. Sayansi ya nguzo ile ilikuwa mikononi mwa wavujajasho wa India, na dola ikaandika jina lake juu ya jasho lao.

Tukilielewa jambo hilo, tunaweza kulijibu swali la kijana wetu. Tusiitafute sayansi ya Ufipa kwenye majumba ya wafalme wala kwenye maandishi ya mawe. Tuitafute palipokuwa na kazi.

Uwanda na dola zake

Uwanda wa juu wa Ufipa uko kati ya Ziwa Tanganyika, upande wa magharibi, na bonde la Ziwa Rukwa upande wa mashariki. Sehemu kubwa yake iko juu ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari. Ni nchi ya majani, upepo na baridi, yenye miti michache kwa sababu watu wameilima na kuichoma tangu zamani sana.

Masimulizi ya Wafipa yanaanza na Milansi, dola ndogo iliyo jirani na mlima Itwelele, ambayo mtawala wake wa kwanza aliitwa Ntatakwa. Masimulizi hayo yanaendelea kusema kwamba walikuja wanawake wageni, wakautwaa utawala kwa werevu wakati mtawala wa Milansi hayupo nyumbani, na kutoka kwao ukatokea ukoo wa Watwa. Ukoo huo baadaye uligawanyika, zikawa dola mbili, Nkansi na Lyangalile, kila moja na Mwene wake. Milansi haikufutwa. Iliachiwa heshima ya mambo ya jadi huku nguvu za utawala zikiwa kwa Watwa.

Mwanafunzi wa historia anaweza kuona mwenyewe maana ya masimulizi hayo. Ni kumbukumbu ya mabadiliko ya madaraka iliyohifadhiwa kwa njia ya hadithi, kama jamii nyingi duniani zilivyohifadhi historia yao kabla ya kuandika. Lakini hadithi ya watawala ni nusu tu ya historia. Nusu ya pili imesimama mashambani, na imejengwa kwa udongo.

Ilungu

Anayesafiri katika wilaya ya Nkansi na sehemu nyingine za uwanda huo hukuta, katikati ya mashamba na vichaka, minara ya udongo mwekundu iliyo mipana chini na myembamba juu. Mingine imeanguka nusu, mingine inafikia mita 3. Kwa Kifipa mnara mmoja ni ilungu, na mingi ni malungu. Hizo ndizo tanuru za kuyeyushia chuma. Kabla ya malungu palikuwa na tanuru fupi za aina nyingine ziitwazo katukutu, ambazo mabaki yake yamechunguzwa na mtaalamu wetu wa mambo ya kale, Bertram Mapunda wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliyefanya utafiti huko Nkansi katika miaka ya 1990. Kwa hiyo hatuzungumzii jambo lililotokea mara moja kwa bahati. Tunazungumzia ufundi uliobadilika na kukua.

Tueleze kazi yenyewe. Chuma katika ardhi hakipatikani kikiwa chuma. Kimeshikamana na hewa ya oksijeni ndani ya mawe na udongo mwekundu. Kukipata ni lazima kuwe na kitu cha kuiondoa oksijeni hiyo, na kitu hicho ni moshi wa makaa ya mti yanayoungua ndani ya tanuru yenye hewa ya kadiri. Hewa ikizidi, chuma hakitoki. Ikipungua, moto haufiki joto linalotakiwa. Chuma chenyewe huyeyuka kwenye nyuzi 1,538, lakini fundi hakuhitaji kufika huko. Alihitaji kuufikisha moto mahali ambapo uchafu wa mawe unayeyuka na kutiririka chini, yaani kwenye nyuzi 1,200 hivi. Uchafu huo ndio tunaouita mavi ya chuma, nao umetapakaa Ufipa hata mtoto wa shule anaweza kuuokota. Kinachobaki ndani ni bonge la chuma lenye vitundu kama sifongo.

Katika nchi nyingi hewa ilisukumwa kwa mivukuto ya ngozi, watu wakipokezana usiku na mchana. Fundi wa Ufipa alitatua tatizo hilo kwa namna nyingine. Aliijenga tanuru yake iwe ndefu. Hewa ya moto ikipanda juu, hewa baridi huvutwa na kuingia chini kupitia matundu yaliyotobolewa kuzunguka kitako cha tanuru na kuwekewa mirija ya udongo. Ndiyo kanuni ile ile ya dohani la kiwanda. Tanuru ilipumua yenyewe, na nguvu-kazi iliyookolewa ikatumika kuchoma makaa na kuchimba mawe.

Chuma cha ilungu kilikuwa bado kichafu. Kwa hiyo palikuwa na hatua ya pili. Bonge lilivunjwavunjwa, likatiwa katika tanuru ndogo iitwayo kintengwe, na hapo ndipo mivukuto ilipotumika, ili kukisafisha chuma na kukishikamanisha. Hatua ya tatu ilikuwa ya mhunzi: nyundo, jiwe na jembe. Hatua tatu, aina mbili za tanuru, mafundi wa namna mbalimbali. Ikiwa hilo si sayansi ya uzalishaji mali, basi hata nguzo ya Delhi si sayansi.

Wala Ufipa haikuwa peke yake. Huko Buhaya, magharibi ya Ziwa Viktoria, wazee waliowahi kufanya kazi hiyo walijenga tena tanuru katika miaka ya 1970 mbele ya watafiti Peter Schmidt na Donald Avery, na mwaka 1978 watafiti hao wakachapisha matokeo yaliyoonyesha kuwa tanuru hizo zilitoa chuma chenye kaboni, yaani chuma cha pua, na kwamba ufundi huo ulikuwa na umri wa zaidi ya miaka 1,500. Bara ambalo liliambiwa halina ufundi lilikuwa na mafundi wake.

Kikapu cha dawa

Hapa yule kijana wa nyuma ana haki ya kutuuliza swali. Je, si kweli kwamba fundi mkuu wa ilungu alikuwa na kikapu cha dawa? Si kweli kwamba tanuru ilitendewa kama bibi harusi, na kwamba mafundi walikaa kambini mbali na wake zao mpaka kazi iishe?

Ni kweli, na hatutaficha. Kada anayeficha nusu ya ukweli ili ushindi wake uwe mrahisi anajiandalia kushindwa. Lakini tuzichambue desturi hizo kama tunavyochambua jambo lolote la jamii, yaani kwa kutazama zilifanya kazi gani katika uzalishaji. Kuyeyusha chuma kulitaka kikundi cha watu wakae pamoja kwa siku nyingi, wasiache moto, wamtii fundi mmoja, wasigombane. Mwiko wa kambi ulileta nidhamu hiyo. Nyimbo na taratibu zilizofuatana bila kukosea zilikuwa daftari la watu wasioandika: aliyezijua kwa mpangilio alijua pia mpangilio wa kazi. Na jamii iliyomlinganisha fundi na mume, tanuru na bibi harusi, chuma na mtoto, ilikuwa inajaribu kulieleza badiliko kubwa la maumbile kwa mfano wa badiliko kubwa ililolifahamu nyumbani. Hata Ulaya, watu waliotafuta elimu ya metali walichanganya vipimo na nyota na sala kwa karne nyingi. Sayansi haikuzaliwa safi mahali popote.

Hata hivyo dawa ilikuwa na upande wake mbaya, nao tutaufikia.

Jembe, ntumba na nguo

Chuma hicho kilikwenda wapi? Sehemu kubwa ilikwenda kwenye jembe. Na jembe lilifungua mlango wa ufundi wa pili wa Ufipa, ambao hauonekani kama mnara lakini huenda ndio mkubwa zaidi.

Udongo wa uwanda huo huchoka upesi, na miti ya kukata na kuchoma ili kupata majivu ni michache. Mkulima wa Kifipa akabuni ntumba. Mvua zikielekea mwisho, hukusanya majani marundo marundo, akayafunika kwa udongo aliougeuza kwa jembe. Ndani ya tuta hilo la mviringo majani huoza. Juu yake hupandwa maharage au mazao mengine. Msimu unaofuata tuta hutawanywa, na shamba lililokwisha kupata mbolea hupandwa ulezi. Leo wataalamu wanaita jambo hilo mboji na mzunguko wa mazao. Bila jembe la chuma huwezi kuupasua mkeka wa majani ya uwanda ule. Bila ntumba jembe lingeichosha ardhi kwa miaka michache, na watu wangehama. Chuma na ntumba pamoja ndivyo vilivyowawezesha watu kukaa katika vijiji na kula.

Ufundi wa tatu ulikuwa nguo. Pamba ilisokotwa na kufumwa kwa mitambo ya mbao iliyolazwa chini. Mwaka 1880 msafiri Mskoti Joseph Thomson alipita Ufipa, akawaeleza wenyeji kuwa ni watu wa kilimo hasa, wenye amani, wafumaji wa nguo za pamba. Wasafiri wa aina yake hawakuwa na desturi ya kuwasifu Waafrika bila sababu.

Kwa nini moto ulizimika?

Ikiwa mambo yalikuwa hivyo, mbona malungu leo hayawaki? Jibu la kasumba ni kwamba ufundi wa Mwafrika ulikufa kwa udhaifu wake. Jibu la historia ni lingine.

Katika miaka ya 1890 Wajerumani waliushika uwanda huo. Mwaka 1898 kodi ya nyumba ilianza kutozwa katika koloni lao. Fedha ya kodi haikupatikana kwa kufua majembe. Ilipatikana kwa kuuza nguvu-kazi, na wanaume wakaondoka kwenda kwenye mashamba na migodi ya mbali. Tanuru inayohitaji kikundi cha watu kwa siku nyingi haiwezi kuwaka ikiwa vijana wenye nguvu hawapo. Wakati huo huo majembe ya viwanda vya Ulaya na nguo za viwandani zikaingia kwa bei ambayo fundi wa mkono hakuweza kushindana nayo. Chini ya Waingereza hali iliendelea hivyo hivyo. Kufikia mwaka 1937, afisa wa Kiingereza R. C. H. Greig alipochapisha maelezo ya uyeyushaji wa Ufipa katika jarida la Tanganyika Notes and Records, kazi ile ilikuwa imekwisha kuwa jambo la kumbukumbu. Mkoloni aliandika habari za moto ambao utawala wake ulikuwa umesaidia kuuzima.

Lakini hatutamaliza uchambuzi kwa kumlaumu mgeni peke yake. Ndani ya jamii yenyewe palikuwa na migongano. Elimu ya tanuru ilikuwa siri ya mafundi wachache na koo zao, ikifungwa ndani ya kile kikapu cha dawa. Nidhamu iliyoulinda ufundi ndiyo hiyo hiyo iliyouzuia usienee. Wanawake waliwekwa mbali na tanuru ikiwaka, ingawa walilima kwa jembe lililotoka humo, na ingawa masimulizi ya taifa lao yanasema utawala uliletwa na wanawake. Na kazi za wakulima na mafundi ziliyalisha makao ya wafalme. Elimu iliyo mikononi mwa wachache hufa wachache hao wakifa. Ufundi wa chuma ulikufa hivyo. Ntumba, ambayo ilikuwa elimu ya kila mkulima, mwanamke na mwanamume, iliwapita Wajerumani na Waingereza na ikabaki. Tofauti hiyo ndiyo fundisho kubwa la historia ya Ufipa, na tunaomba kila mwanafunzi aitafakari.

Wajibu wetu

Kada anaweza kusema: haya ni ya kale, yanamsaidia nini mkulima wa leo? Tutazame. Tangu miaka ya 1980 Rukwa imehesabiwa miongoni mwa mikoa minne mikubwa ya mahindi, pamoja na Iringa, Mbeya na Ruvuma. Mahindi hayo yamezoeshwa mbolea ya chumvichumvi, ambayo kwa sehemu kubwa hutoka nje. Bei ya mbolea ilipopanda duniani mwaka 2021 na 2022, mkulima wa Ufipa alitikisika, na katika msimu wa 2022/2023 Serikali ikaweka ruzuku. Hatusemi mbolea ya kiwandani iachwe. Tunasema kwamba watu ambao babu zao walijua kuirutubisha ardhi kwa majani na jembe hawapaswi kukaa mikono mitupu wakingoja meli. Elimu ya ntumba ipelekwe kwa mabwana shamba, ipimwe, iboreshwe, ichanganywe na elimu mpya. Kujitegemea, ambako Azimio la Arusha lilikutamka mwaka 1967, hakukuwa na maana ya kujifungia. Kulikuwa na maana ya kuanza na tulicho nacho.

Pili, malungu yenyewe. Sheria ya Mambo ya Kale tuliitunga mwaka 1964, lakini sheria bila umma ni karatasi. Mnara wa udongo hauna kinga dhidi ya mvua, mizizi na jembe la mtu asiyejua thamani yake. Viongozi wa matawi na walimu wa shule za msingi wanaweza kufanya mambo matatu bila kungoja fedha kutoka popote: kuhesabu malungu yaliyomo katika kijiji chao, kukubaliana na wenye mashamba yasilimwe mpaka kitakoni, na kuandika wazee wanayokumbuka kutoka kwa baba zao. Waliofanya kazi ile wamekwisha kufariki. Walioisikia kwa masikio yao wamebaki wachache.

Tatu, mafundisho yetu wenyewe. Hapa tunajikosoa. Kwa miaka mingi tuliandika ubaoni madola ya kale na majina ya wafalme wake, kana kwamba wafalme ndio waliogundua. Mkufunzi anayefundisha hivyo anamfundisha mwanafunzi kudharau mikono ya mama yake.

Baada ya kipindi kile tuliwachukua wanafunzi wale hadi kwenye ilungu moja lililosimama shambani. Hatukutoa hotuba. Tuliwaambia wapime urefu kwa kamba, wahesabu matundu ya chini, waokote mavi ya chuma, kisha watueleze hewa iliingia wapi na kutokea wapi. Walibishana kwa muda mrefu. Yule kijana wa nyuma, aliyekuwa amejibu "uchawi", aliinama kwenye tundu moja, akaweka kiganja chake, akasema upepo bado unaingia. Ndipo akauliza kwa nini matundu yamewekwa kuzunguka pande zote na si upande mmoja tu unaotoka upepo.

Hilo ni swali la mhandisi. Kazi yetu ni kuhakikisha anapata mahali pa kulijibu.